Jibu la Nne

Kwa miaka mitatu nililipwa mshahara wa kila mwezi ili nitunge uongo. Sikuwa mwanasiasa wala dalali wa mashamba. Nilikuwa afisa wa mitihani katika ofisi ndogo mjini Lodwar, ofisi iliyowapima wapishi wa shule kabla ya kuwapa vyeti, na mitihani yetu ilikuwa ile ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Ukweli ulikuwa umeshaandikwa na wengine katika kitabu cha mafunzo. Kilichobaki kilikuwa uongo, na uongo ndio uliokuwa idara yangu.

Watu hudhani kazi hii ni rahisi kwa sababu hawajaifanya. Chukua swali kama hili: mpishi anawe mikono lini? Jibu la kweli ni kabla ya kushika chakula. Uongo wa kwanza huja wenyewe bila kuitwa: baada ya kupakua. Uongo wa pili ukiutafuta utaupata: akiona mikono imechafuka. Uongo wa tatu ndio kazi yenyewe. Kichwa kimekauka, jua la Lodwar linakaanga mabati, feni inalihamisha joto kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na wewe umeketi na kalamu unatafuta wakati mwingine ambao mtu mwenye akili zake anaweza kudhani ndio wa kunawa mikono. Siku hiyo niliandika: siku ya Krismasi.

Majibu yangu ya nne karibu yote yalizaliwa hivyo. Kuni zihifadhiwe wapi? Nikaandika: Uganda. Mtoto akikuta jiwe kwenye maharagwe, mpishi afanye nini? Ampongeze. Hata nilipolificha jibu la namna hiyo kwenye A au B, lilijulikana tu, kama mgeni aliyevaa suti kwenye mazishi ya watu wengine. Nilijua ni upuuzi na nilikasirika kila nilipouandika, lakini mkubwa wangu alitaka manne.

Mkubwa wangu alikuwa amewahi kufundisha jiografia huko Nyeri, na hakuwahi kupona. Dunia ina pande nne, alikuwa akisema, kwa hiyo swali nalo lina majibu manne. Majibu matatu ni ya watoto wa chekechea. Alikuwa na hesabu yake pia, aliyoiita nafasi ya mjinga. Ukimpa mjinga maswali thelathini yenye majibu matatu, atabahatisha kumi. Ukimpa yenye majibu manne, atabahatisha saba, au nane ikiwa ameomba. Wajibu wa ofisi yetu, alisema, ni kumzibia mjinga njia. Mimi nilizaliwa Mumias na sina simile, sijui kuvumilia, ila mshahara ulikuwa wake, kwa hiyo nilinyamaza nikaendelea kumtafutia uongo wa tatu.

Mambo yaliharibika nilipotumwa Kakuma kuwapa wapishi mtihani wa majaribio.

Walikuwa wapishi kumi na wawili, wengine wa shule za mjini na wengine wa shule za kambini, na tulikutana katika shule moja ya msingi ambayo mpishi wake alikuwa bibi mmoja Mturkana. Alikuwa mrefu, shanga zimemjaa shingoni hadi kidevuni, na upawa wake wa kupakulia ulikuwa mrefu kama jembe. Watoto walimwita Ata, yaani bibi kwa Kiturkana, na mimi pia nikamwita hivyo. Alikuwa amepika pale tangu shule ina madarasa mawili. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, jioni, katika darasa la watu wazima, na aliandika kwa herufi kubwa, polepole, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Mwalimu mkuu alikuwa amenieleza shida yake. Amri mpya ilisema mpishi yeyote asiye na cheti kufikia mwisho wa muhula atolewe, na jiko apewe mwingine mwenye cheti. Nilimkuta Ata akichochea moto, tukaamkiana, ejok kwa ejok, nikamuuliza kama ana wasiwasi. Hakuzungusha maneno.

"Hii jikoni ikitoka kwa mkono yangu, madam, mimi nitakuwa mzee," alisema.

Kwa macho yangu alikuwa amepita sitini siku nyingi. Lakini nilimwelewa, na nikamwambia asiogope, mtihani ni mwepesi, nimeutunga mwenyewe.

Kwa kuwa baadhi ya wapishi walikuwa wameona sufuria nyingi kuliko vitabu, sheria yetu ilikuwa kwamba mtihani usomwe kwa sauti. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye maswali, mimi nasoma, wao wanafuata na kuweka alama. Kila swali lilisomwa na majibu yake mara mbili, si zaidi. Sheria hiyo pia ilikuwa ya mkubwa. Nilisoma mpaka koo likakauka. Mpishi mmoja Mkongomani kutoka kambini aliinua mkono mara moja tu, akauliza kwa upole mpishi anayeishi Kakuma atahifadhi vipi kuni zake Uganda, na kama kuna gari la kuzirudisha.

Nilisahihisha palepale kwenye chumba cha walimu. Wengi walipata kumi na kitu, wengine ishirini. Ata alipata sifuri.

Sifuri, jamani, katika maswali thelathini. Nilikumbuka hesabu ya mkubwa: mjinga hupata saba. Mbuzi akipita juu ya karatasi na kwato zenye matope atapata tatu au nne. Kupata sifuri kamili kunataka kipaji. Nikaiangalia tena karatasi yake, na hapo ndipo nilipoona kwamba katika kila swali alikuwa ameweka alama tatu. Sheria ilisema alama zikizidi moja, swali limekwenda. Lakini lile jibu alilolibakiza bila alama, swali baada ya swali, ndilo lililokuwa la kweli.

Nilimwita. Wapishi wengine nao wakaja, maana Kakuma hakuna mazungumzo ya watu wawili.

"Ata, mbona umeweka alama tatu kila mahali?"

"Si ni zile mbaya?"

Akanieleza kwa subira, kama anayemweleza mtoto wa mgeni. Sokoni, mbuzi wakiwa zizini, rangi hupakwa wale wanaoondoka. Alama ni ya kuaga. Mbuzi jike mzuri, mwenye maziwa, hapakwi kitu. Hanyooshewi kidole mbele za watu, hasifiwi kwa sauti, hata macho hayamkai sana, kwa sababu watu si wema. Unamwacha atulie na wenzake kana kwamba hujamwona. Sasa yeye alikuwa ameyaona majibu mazuri yote thelathini, akayastahi, akayatia alama mabaya ili yaondoke.

Nilicheka, lakini nilikuwa nacheka peke yangu. Wapishi wengine walikuwa wakitikisa vichwa kumkubali, wakaanza kuzitazama karatasi zao kwa mashaka. Nikamwambia kwamba katika mtihani ni kinyume: lililo zuri ndilo linalotiwa alama. Akafikiri. Akasema linaumiza, lakini linawezekana. Halafu akaliinua jambo lingine ambalo sikulitarajia.

"Na hizi mbaya, nani aliandika?"

Nilijivuna kidogo. Nikasema ni mimi.

"Yote?"

"Yote."

"Madam, wewe unaenda kanisa?"

Nikasema naenda, na ni mwanakwaya, sauti ya pili.

"Na unaandika uongo tatu kwa ukweli moja," alisema, kisha akawageukia wenzake, akawatafsiria kwa Kiturkana, na chumba kizima kikaguna.

Nilitetea kazi yangu. Nikasema huu si uongo wa kudanganya, ni uongo wa kupima. Akaniuliza kama uongo wenyewe unajua hilo. Nikasema bila uongo kila mtu atapita. Akauliza ubaya wake ni nini, kila mtu akipita na kila mtu anajua kupika. Lila na fila hazitangamani, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimezitangamanisha mara thelathini kwenye karatasi moja, tena kwa bei mbaya, tatu kwa moja.

Basi tukaanza kupatana bei. Sijui niliingiaje, lakini niliingia. Yeye alianza na uongo sifuri. Mimi nikashikilia tatu. Akapanda hadi mmoja, akasema mmoja unatosha, hata mchuuzi wa mbuzi husema uongo mmoja tu kwa kila mbuzi, kwamba hajawahi kuugua. Nikasema tatu, ofisi imesema. Akakunja karatasi, akainuka, akatoka. Mkongomani akaninong'oneza niache aende, atarudi, soko ndivyo lilivyo. Alifika mlangoni, akasimama akitazama uwanja kama mtu anayetafuta pikipiki, akarudi.

"Mbili," alisema. "Utoe ile moja ya kijinga. Ile ya Krismasi. Wewe utoe, na mimi nitanyooshea ile mzuri kidole."

Tukapeana mikono. Mkongomani akadai chai yake ya udalali, na akapewa.

Nilipoingia kwenye gari kurudi Lodwar ndipo nilipotambua nilichokifanya. Nilikuwa nimeuza mbuzi wa mtu mwingine. Idadi ya majibu haikuwa yangu, ilikuwa ya mkubwa, na mkubwa alikuwa ameishi na pande zake nne miaka hamsini na kitu bila kuongeza wala kupunguza hata moja. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini aliyesema hakuwahi kutoka Kakuma kwenda Lodwar adhuhuri na kiyoyozi kimekufa. Dereva wetu, kijana Mturkana asiyesema sana, alinitazama kwenye kioo, akaniuliza kama naumwa. Nikasema naumwa hesabu.

Kesho yake nililipeleka jambo hilo ofisini kwa mkubwa. Sikutaja maafikiano ya bei. Nilisema kitaalamu, kwa Kiingereza cha ofisi, kwamba uongo wa tatu hauna kazi, hakuna anayeuchagua, unaongeza wino tu. Mkubwa akasema kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Nikasema mpishi hatafuti magharibi, anatafuta chumvi. Akasema hata meza ina miguu minne, ndiyo maana inasimama, akaipiga meza yake kwa kiganja ili niione inavyosimama. Meza ikayumba. Kalamu zikabingirika zikaanguka, na kutoka chini ya mguu mmoja ikachomoka karatasi iliyokunjwa mara sita ambayo ndiyo iliyokuwa ikiitegemeza.

Dereva alikuwa ameegemea mlango akingoja funguo. Akasema, bila kumlenga mtu, kwamba kigoda cha baba yake kina miguu mitatu na hakijawahi kuwekewa karatasi.

Mkubwa alimwangalia vibaya, na mimi nikapata nafasi ya kukasirika sawasawa. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nikimwona yule bibi mbele ya macho yangu akikabidhi upawa wake kwa mtu mwingine kwa sababu ya upuuzi wangu wa saa tisa alasiri. Nikasema basi mkubwa aufanye mtihani huo yeye mwenyewe, sasa hivi, usomwe kwa sauti kama wanavyosomewa wapishi. Nilijua nimevuka mpaka. Lakini mwalimu wa jiografia hakatai mtihani. Akavua miwani, akaifuta, akasema nisome.

Nikasoma, bila kumpa karatasi, kama mpishi asiyejua kusoma. Swali la kwanza lilikuwa juu ya uji ulioshika chini ya sufuria. Nikatoa A, nikatoa B, nikatoa C, nikatoa D, nikarudia yote mara ya pili. Mkubwa akaangalia dari.

"Rudia A," alisema.

"Mara mbili tu, mkubwa. Sheria."

"Nani aliweka sheria hiyo?"

Mimi na dereva tukamtazama yeye. Akachagua D kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiikumbuka. Kufikia swali la tano jasho lilikuwa likimtiririka, na kufikia la kumi alikuwa akihesabu majibu kwa vidole, kila jibu kidole chake, ila kila simu yake ilipolia vidole vyote vilichanganyika. Kumbe pia mtu yule hakuwahi kupika chochote katika maisha yake. Nilipomuuliza chumvi ikizidi kwenye maharagwe mpishi afanye nini, alichagua jibu langu la nne kwa furaha kubwa, maana kwake lilikuwa la busara kuliko yote: aombe msamaha.

Alipata kumi na moja. Nilimwonyesha namba. Dereva alitoka nje, tukamsikia akicheka nyuma ya gari.

Nitamsifu mkubwa kwa hili: alishindwa kama mwanamume. Alivaa miwani yake, akasema kwamba jibu la nne likifika masikioni lile la kwanza huwa limeshaondoka. Akaamuru mtihani wa vyeti uwe na majibu matatu, kwa majaribio, na iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba wazo ni lake. Alama ya kupita ingebaki ishirini na nne. Na ili mtihani usiwe mteremko, maswali saba ya mwisho angeyatunga yeye mwenyewe, uongo na kila kitu.

Aliyaleta baada ya siku mbili. Sita kati ya saba yalihusu friji. Mkubwa alikuwa amenunua friji mwezi huo, na moyo wake ulikuwa humo. Nyama ikae rafu ya juu au ya chini, mlango ufunguliwe mara ngapi, barafu ikijaa ifanywe nini. Nilimkumbusha kwamba katika jiko la Ata umeme haujawahi kuingia hata kwa bahati mbaya. Akasema mpishi mzuri huijua friji kabla hajaiona. La saba lilikuwa juu ya foleni ya chakula, nikalipitisha bila kulitazama, kwa sababu nguvu zangu zote zilikuwa zimeishia kwenye barafu.

Siku ya mtihani wa vyeti Ata alikuwa amejipaka mafuta na kuvaa shanga mpya juu ya zile za zamani, akawa haoni karatasi vizuri bila kuinyanyua. Nikasoma. Mara hii majibu yalikwenda matatu matatu, mepesi, na wapishi walikuwa wakiitikia kama kanisani. Ata alitimiza ahadi yake. Kila alipolipata jibu zuri alisita, akasema neno kwa Kiturkana chini ya pumzi, ndipo akatia alama. Nilimuuliza jirani yake anasema nini. Akasema analiomba radhi.

Tulipofika kwenye friji aliiweka kalamu mezani, akakunja mikono. Nikadhani hajasikia, nikasoma kwa nguvu zaidi. Hakusogea. Nilimkazia macho, nikamfanyia ishara na nyusi, nikakohoa. Bahatisha tu, Ata. Jibu moja kati ya matatu, hata mbuzi atapata mawili. Yeye akaniangalia kwa utulivu wa mtu anayekataa kumtolea ushahidi mtu asiyemfahamu, na maswali sita yakapita yote bila alama. Ishirini na tisa toa sita nilizijua, na la thelathini lilikuwa limebaki peke yake. Nilikuwa nimeushona mtihani huu kwa mikono yangu mpaka ukamwenea kama kiatu, na sasa ulikuwa unamponyoka.

La mwisho nililisoma polepole, neno kwa neno. Ata akaishika kalamu. Akaandika. Akaendelea kuandika. Wenzake walitoka mmoja mmoja, yeye bado ameinama, anaikandamiza kalamu, na mimi nikawaza anamwandikia mkubwa barua ya malalamiko. Alipomaliza aliigeuza karatasi kifudifudi, akaenda kuwasha moto, kwa kuwa ilikuwa karibu saa sita na watoto hawali mtihani.

Karatasi zilisahihishwa Lodwar, mezani pa mkubwa, ndiyo sheria. Nilisahihisha ya Ata kwanza, nikashindwa kujizuia. Maswali yote ishirini na matatu ya kwanza alikuwa ameyapata. Sita za friji, tupu. Ishirini na tatu, na alama ya kupita ishirini na nne. Nikafungua ukurasa wa mwisho.

Swali la mkubwa lilisema: chakula kimekaribia kuisha na foleni ya watoto bado ni ndefu, mpishi afanye nini? A, aongeze maji kwenye sufuria. B, awaambie waliobaki warudi kesho. C, amjulishe mwalimu mkuu. Jibu la ofisi lilikuwa C. Ata hakuwa ametia alama A, wala B, wala C. Chini ya C alikuwa amechora kisanduku chake mwenyewe, kimepinda kidogo, na kando yake, kwa herufi kubwa zilizotoboa karatasi, alikuwa ameandika: D. MPISHI ASIKULE. Na ndani ya kisanduku hicho ndimo alimoweka alama yake.

Niliisoma mara mbili, kama sheria inavyotaka. Halafu machozi yakanijia, na nikajikasirikia. Mwanamke yule alikuwa amenishusha bei hadi majibu matatu, kisha akarudi kuongeza la nne mwenyewe, na halikuwa uongo. Na kwa kalamu yangu nyekundu lilikuwa kosa, na kwa kosa hilo jiko lingetoka mkononi mwake.

Nilimsukumia mkubwa karatasi ile. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Alisoma, akavaa miwani, akasoma tena. Aliuliza kama huyu ndiye yule aliyepata sifuri. Nikasema ndiye. Akauliza kama ni maneno tu au ni kweli hufanya hivyo.

Dereva alikuwa mlangoni, anangoja funguo kama kawaida.

"Mimi nilisoma hiyo shule, mkubwa," alisema. "Siku ukiona Ata amekaa chini na chai ya rangi, sisi tunakula, unajua sufuria imeisha. Tulikuwa tunaangalia kama amekaa."

"Mara nyingi?"

"Wakati wa kiangazi, mara nyingi."

Meza ilikuwa imetulia, hakuna aliyeigusa. Mkubwa akachukua kalamu nyekundu mkononi mwangu, akahesabu kwa ncha yake, A, B, C, D.

"Majibu manne," alisema. "Si nilikwambia?"

Akaliwekea tiki, akaandika ishirini na nne juu ya karatasi, akaizungushia mduara. Cheti kilichapwa siku hiyo hiyo, na kesho yake dereva alikipeleka Kakuma mwenyewe bila kuagizwa na mtu.

Mkubwa alilipenda sana swali lile. Alitaka liingie katika mtihani wa mwaka uliofuata pamoja na jibu la Ata, na akaniagiza nilitafutie uongo mpya wa kukaa nalo, akasema mbili au tatu, nichague mwenyewe. Niliandika MPISHI ASIKULE juu ya karatasi safi, nikaketi chini ya feni na kalamu yangu. Nilikuwa na miaka mitatu ya ujuzi katika kazi hiyo. Saa kumi na moja mlinzi alikuja kufunga ofisi, na kwenye karatasi hapakuwa na kitu kingine.